Perege wa Mombo na mabwawa ya 1949

Mto Mombo hushuka kwa kasi kutoka Soni. Ukifika tambarare hugawanywa kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, na maji yanayobaki huungana na mto Mkomazi kabla ya kuingia Pangani. Kando ya maji haya mtoto hahitaji vingi ili avue: ufito, mshipi wa nailoni, kipande cha ndala kuwa boya, risasi ndogo ya kuzamishia na nyungunyungu kwenye ndoana. Havui kwa biashara. Anavua kwa kuwa kuvua kunampendeza, na akipata kitoweo, nyumbani watafurahi.

Habari za uvuvi wa burudani Afrika Mashariki huanzia mara nyingi kwa walowezi. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza samaki aina ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, wakapandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua, Kenya. Baadaye trauti walipandwa Tanganyika pia, katika vijito vya Kilimanjaro na nyanda za juu kusini. Ni historia ya kweli, ila imepewa nafasi kubwa kupita kiasi. Bonde la Pangani lina samaki wake ambaye hakuletwa na meli, naye ni perege.

Aliyemtambulisha kwa ulimwengu wa sayansi ni mwanamke, Rosemary Lowe, mzaliwa wa Liverpool. Alianza kuchunguza samaki wa Ziwa Nyasa mwaka 1945, kisha akajiunga na shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lenye makao yake Jinja, Uganda. Mwaka 1953 aliolewa, na kwa kanuni za utumishi wa kikoloni za wakati ule mwanamke akiolewa huacha kazi. Akaacha ajira, utafiti hakuuacha. Mwaka 1955 alichapisha maelezo ya aina mpya za perege wa Ziwa Jipe na mto Pangani, na mmoja wao akampa jina la mji jirani wa Mombo: Tilapia korogwe. Leo wataalamu humwita Oreochromis korogwe. Ni heshima ambayo watu wa Korogwe wenyewe wangestahili kufundishwa shuleni.

Wakati huo mji wa Korogwe ulikuwa tayari na mabwawa ya samaki. Majaribio ya kufuga perege Tanganyika yalianza mwaka 1949 katika sehemu mbili, Korogwe na Malya mkoani Mwanza. Kwa maneno mengine, ufugaji wa samaki wa nchi nzima una sehemu ya chimbuko lake kwenye barabara ile ile inayopita Mombo. Mabwawa mengi yalichimbwa, lakini utunzaji ulikuwa hafifu, mbinu hazikufaa, na ukame ukamalizia. Hata hivyo wazo lilisambaa: kufikia mwaka 1968 nchi ilikuwa na mabwawa yapatayo 8,000, mengi madogo na yenye mavuno haba.

Sehemu ya tatizo ilikuwa kwenye kinywa cha perege mwenyewe. Dume huchimba kiota chini ya maji, jike hutaga, kisha jike huyo huyo huyachukua mayai kinywani na kuyaatamia humo hadi vifaranga waweze kujitegemea. Kwa malezi ya namna hiyo wengi huishi, na wengi wakiishi katika bwawa dogo chakula hakitoshi. Bwawa linajaa samaki wa kiganja kimoja, wakubwa kwa umri, wadogo kwa mwili. Mfugaji aliyetegemea kitoweo anaambulia miiba.

Pamoja na mabwawa yalikuja mazoea ya kuhamisha samaki. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa juu ya mto Pangani katikati ya miaka ya 1960, ngege, jamii ya perege wa Ziwa Victoria, alipata makazi humo, na baadaye sato, ndugu yake, akasambazwa huku na kule. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa aina za kigeni zimeenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania. Hao wageni huzaana na wenyeji, na perege wa Jipe sasa amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Anayetaka kuvua kwa starehe aanze na ndoana. Namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo. Perege ana mdomo mdogo, hivyo namba 8 au 10 inamtosha, pamoja na mshipi mwembamba na chambo cha nyungunyungu au kidonge cha ugali. Kambale anataka ndoana pana, mshipi mnene na chambo chenye harufu, kama utumbo wa kuku, kilazwe chini kabisa giza likianza kuingia. Zamani palikuwa na njia ya mkato, utupa: majani yake yalipondwa na kutiwa mtoni, samaki wakaelea. Sumu hiyo haichagui mkubwa wala kifaranga. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, na ni haki kabisa.

Jikoni, Mombo ina bahati. Nyanya, karoti na pilipili hoho hushuka kutoka Lushoto, nazi hupanda kutoka pwani ya Tanga. Perege apaliwe magamba, atolewe matumbo na mashavu, achanjwe ubavuni mara tatu, kisha apakwe chumvi, ndimu na kitunguu saumu kilichotwangwa. Aachwe nusu saa akolee. Mafuta yawe ya moto kweli kabla hajaingia, la sivyo ngozi itabaki kwenye kikaango. Kambale asuguliwe kwa majivu au chumvi mpaka ute uishe, abanikwe juu ya moshi, ndipo aingie kwenye mchuzi wa nazi. Yeye na bada, ugali wa muhogo, hawana mpinzani.

Ombi langu kwa anayevua na anayefuga ni moja. Usimbebe perege hai kwenye ndoo ukamwage mto mwingine, wala usiruhusu bwawa lako lifurikie mtoni. Ukitaka vifaranga, muulize kwanza afisa uvuvi wa wilaya ni aina gani. Na jike ukimvua akiwa na vifaranga kinywani, mrudishe majini hapo hapo.