Kugeuza Video Bwera: Kutoka Deki Mbili hadi Kadi

Kabla kompyuta haijaingia Bwera, kugeuza video kulikuwa deki mbili na waya kati yake. Kanda ya VHS inacheza huku, nyingine inarekodi kule, na harusi ya saa tatu inakula saa tatu. Umeme ukikatika, unaanza upya. Kila nakala ilikuwa na ukungu zaidi kuliko ile iliyoizaa.

Kisha zikaja kanda ndogo za MiniDV, zilizozinduliwa mwaka 1995 na kutufikia sisi wa mpakani mwa Uganda na Kongo baadaye sana. Saa moja ya kanda hiyo ni gigabaiti 13 hivi. Diski ya DVD inabeba 4.7. Lazima kitu kipunguzwe, na hapo ndipo mafundi tulipoanza kubishana juu ya programu.

Wenzangu wa Kasese mjini walisifu Format Factory: haina malipo, ni nyepesi, mteja hasubiri. Kwa hotuba nilikubaliana nao. Kwa ngoma, hapana. Kamera zile hupiga mistari kwa zamu, ya witiri na ya shufwa. Ukigeuza haraka haraka, mguu wa mchezaji unatoka meno kama kitana. HandBrake, aliyoianzisha Eric Petit mwaka 2003, ina kichujio cha kuyaondoa, nami nilikuwa tayari kuiachia mashine usiku kucha.

Sony na Panasonic walipoleta AVCHD mwaka 2006, kanda zikaanza kupisha kadi, na faili zake za MTS hazikusomwa na deki za DVD za wateja wetu. Programu ninayoithamini kuliko zote ni FFmpeg, aliyoianza Fabrice Bellard mwaka 2000. Haina vitufe vya kubonyeza, unaiandikia amri. Lakini inaweza kuitoa picha kwenye faili ya MTS na kuiweka kwenye MP4 bila kuipunguza hata chembe, kwa dakika chache tu.

Wateja, hata hivyo, walitaka simu. Siku za soko la Mpondwe mtu alivuka kutoka Kasindi na kadi yake ndogo: “Mukubwa, weka yote mu kadi. Ata ikuwe kidogo, nitaangalia.” Nikamgeuzia 3GP, nukta 176 kwa 144. Alikuwa na haki yake, na alifurahi.

Kilichonikera, na kinanikera hadi leo, ni yaliyofuata. Wapiga picha walirekodi juu ya kanda zilezile ili kuokoa pesa, wakafuta kadi jioni ileile. Tarehe 19 Oktoba 2009 Omusinga Charles Wesley Mumbere, mfalme wa Rwenzururu, alitawazwa mbele ya umati. Ninavyoletewa leo vya siku hiyo ni vipande vya simu ambamo nyuso za wazee wetu ni madoa. Hakuna programu inayorudisha uso uliokwisha kutupwa.

Mafuriko ya mto Nyamwamba, Mei 2013, yalileta kazi nyingine. Diski zenye tope niliziosha kwa maji na sabuni laini, nyingi zikasoma. Kanda zilizolowa zilikuwa ngumu zaidi.

Sasa tatizo si programu tena, ni deki. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikiunda deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Yangu ingali inazunguka. Mwenye kanda, kuanzia Kilembe hadi Kasindi, ailete mwaka huu, na asiitupe nikisha kuigeuza.