Kutu, salfa na biogesi: tumejifunzaje kusafisha gesi inayonuka

Huku Kilwa naulizwa mara nyingi: "Bwana shamba, gesi ya Songo Songo haina shida, mbona biogesi inanuka na kula majiko?" Jibu lina historia, na historia hiyo itakusaidia kutunza mtambo wako.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba. Ni karibu methani tupu. Biogesi hutoka kwenye kinyesi, na kinyesi kina salfa. Bakteria waishio pasipo hewa huigeuza salfa hiyo kuwa gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Harufu yake unaijua: mayai viza, au tope la mikoko maji yakipwa.

Zamani swali hili halikuwepo, maana mbung'o waliifanya Lindi kuwa na ng'ombe wachache. Tangu 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka Usangu na kuja huku, samadi ipo.

Chimba tope la mikoko uone: ni jeusi. Weusi ule ni chuma kilichoikamata salfa. Likikaa hewani, hurudi kuwa kahawia. Somo lote la leo limo humo.

London walianza kuwasha taa za gesi ya makaa ya mawe mwanzoni mwa miaka ya 1800. Gesi ile ilinuka na kuharibu vitu vya ndani. Kwanza waliipitisha kwenye chokaa. Ilisafika, lakini chokaa iliyotumika ilinuka vibaya, na majirani wakalalamika. Mwaka 1849 Frank Clarke Hills aliandikisha njia ya kutumia kutu ya chuma. Kutu hukamata salfa na kuwa nyeusi. Ukiianika hewani, hurudi kuwa kutu na kutumika tena.

Mwaka 1883 Carl Friedrich Claus akaongeza hatua: gesi hiyo ipite pamoja na hewa juu ya kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko bila chenyewe kuisha. Salfa ikatoka peke yake, ikauzwa. Viwanda vya mafuta na gesi duniani bado vinatumia njia iliyotokana na hiyo, na sehemu kubwa ya salfa inayouzwa leo hutoka huko. Kwa hiyo mfuko wa salfa unaopulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, huenda ulianza kama gesi inayonuka.

Mkaa nao husaidia, kwa sababu una vitundu vidogo mno vinavyonasa gesi. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, mkaa wa vifuu vya nazi uliwekwa kwenye barakoa za askari. Ila mkaa wa jikoni haujatayarishwa hivyo; usiutegemee peke yake.

Kwa mtambo wa nyumbani, kutu inatosha:

1. Chukua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu. Zisizoshika kutu hazifai. Zilowanishe na uziache hewani mpaka ziwe nyekundu.
2. Zijaze kwenye kipande cha bomba pana la plastiki bila kuzikandamiza. Gesi iingie chini, itoke juu. Fundi wako aweke mtego wa maji kabla ya kichujio.
3. Zikiwa nyeusi zimechoka. Funga koki, zima moto wote, zitoe nje mbali na nyumba na uzinyunyizie maji. Zikikutana na hewa hupata joto kali na zinaweza kuwaka zenyewe. Ndiyo maana tunazilowanisha.
4. Zikirudi kuwa nyekundu, tumia tena. Zikianza kumeguka, badilisha. Masalia yake usiyapulizie mikorosho.

La mwisho ndilo kubwa. Usiipime gesi hii kwa pua. Ikifika kama sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi ndani ya dakika chache, nawe utadhani imekwisha. Ikizidi 500 inaweza kuua, na biogesi isiyosafishwa inaweza kuvuka hapo. Asiingie mtu shimoni kuzibua mtambo, wala asimfuate aliyeanguka humo. Mwokoaji naye hubaki humo humo. Ita fundi, na ukiwa na swali nikute ofisini au shambani.