Dawa na Mkono Unaoileta: Historia ya Ugonjwa na Uponyaji katika Inchi ya Kambove



Mara nyingi tunasikia maneno haya: «Watu wetu wanakimbia dawa kwa sababu hawakusoma.» Wanganga wanayasema, wakubwa wa serikali wanayasema, na mimi mwenyewe niliyasema siku moja katika mahubiri. Lakini tukiangalia historia ya Kambove na ya Katanga yote, tutaona kwamba sivyo. Wazee wetu walijua kupokea dawa, hata dawa ya hatari. Walijua pia kuikimbia. Basi tutafute: sababu gani walipokea hii na kukimbia ile?

I. Ndui na wageni wa shaba

Shaba ya Kambove haikuvumbuliwa na Wazungu. Basanga waliichimba na kuiyeyusha tangu zamani sana. Sifa yake ilifika mbali, na katikati ya karne ya 19 wachuuzi Wasumbwa, kutoka Tanzania ya leo, walikuja kuinunua. Mmoja wao alikuwa Kalasa, baba wa Msiri. Alifanya urafiki na wakubwa wa inchi. Mwana wake akamfuata, akakaa, akajenga Bunkeya, na watu wake wakaitwa Bayeke.

Mapokeo ya Bayeke yanasimulia kwamba wageni hao walileta ufundi wa kuchanja ndui. Namna yake ni hii: walitwaa maji ya kipele cha mgonjwa, wakayatia katika chale ndogo kwenye ngozi ya mtu asiye na ugonjwa. Mtu huyo aliugua kidogo, akapona, na ndui haikumshika tena. Lakini si kila mara. Katika inchi zote zilizotumia ufundi huu, wengine waliugua sana na wengine walikufa. Hata Ulaya ilikuwa hivyo: Lady Mary Wortley Montagu aliuona ufundi huo Istanbul na kuuingiza Uingereza mwaka wa 1721, na ilipaswa kungoja hata mwaka wa 1796 Edward Jenner aonyeshe njia isiyo na hatari kubwa, kwa ndui ya ng'ombe.

Tufikiri vizuri. Watu ambao hawakuona shule hata siku moja walikubali mgeni atie ugonjwa katika mwili wa watoto wao! Kwa nini? Kwanza, waliiogopa ndui, kwa maana waliona kazi yake. Pili, mgeni huyo alikula pamoja nao na kukaa pamoja nao. Mtoto akifa, walijua mlango wa kubisha. Tusiseme kwamba Bayeke walikuwa malaika: Msiri alitawala kwa ukali, na Basanga walimwasi kabla hajauawa Desemba 1891. Lakini katika jambo la ndui, dawa ilikuja kwa njia ya ujirani.

II. Reli, shimo na lazareti

Mwaka wa 1906 kompani ya Union Minière ilianzishwa. Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka wa 1910, na Kambove mwaka wa 1913. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, na walilala wengi katika nyumba ndogo, na baridi ya Juni, na chakula wasichokizoea. Wakashikwa na ugonjwa wa mapafu, kuhara damu na tifoidi. Mwisho wa mwaka wa 1918 homa kubwa ya dunia nzima iliingia Katanga, nayo ikaua wengi. Wafanyakazi walifanya nini? Wengi walitoroka. Wakubwa waliwaita wavivu. Lakini mtu anayeona wenzake wanazikwa kila juma, naye akakimbia, huyo ametumia akili aliyopewa na Mungu.

Siku zilezile serikali ilipigana na ugonjwa wa usingizi. Toka Oktoba 1910 hata Septemba 1912 munganga Jérôme Rodhain na wenzake walifanya uchunguzi katika Katanga, hasa upande wa Bukama na Sankisia. Kazi yao ilikuwa ya kweli, na ugonjwa ulikuwa wa kweli. Lakini kijijini ilionekanaje? Askari wanakusanya watu. Mzungu anapapasa shingo za wote, akitafuta tezi zilizovimba. Mwenye tezi anachomwa sindano, na katika Kongo wagonjwa wengi walipelekwa lazareti, mbali na ndugu. Dawa ya siku zile, atoksili, ilikuwa na sumu ya arseniki ndani yake, na wengine iliwapofusha macho. Basi watu waliposikia munganga anakuja, waliingia porini. Je, hao ni watoto wa wale waliochanjwa ndui? Ndiyo, ni haohao. Akili yao haikupotea. Uliobadilika ni mkono uliochukua dawa.

III. Kampi na batumbula

Toka miaka ya 1920 kompani iliona kwamba mfanyakazi anayekufa ni hasara. Ikaruhusu wanaume walete wake zao, ikajenga kampi safi zaidi, hospitali, mahali pa kuzalia na kupima watoto, ikagawa posho. Vifo vilipungua sana, na watu walizipenda hospitali hizo. Hata leo wazee wa Likasi na Kambove wanazisifu. Lakini palepale, katika kampi hizohizo, usiku ilinong'onwa habari ya batumbula: watu waliotumwa na Wazungu kukamata wapitanjia gizani, ili wanoneshwe na kuliwa. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia, watu walisema hivyo hata juu ya mapadri, ya kwamba wanakunywa damu.

Tusicheke. Mchana mtu alipeleka mtoto wake kupimwa, usiku aliogopa kuliwa. Mambo hayo mawili yalikaa katika moyo mmoja, kwa maana mkono mmoja ulimlisha na kumtumia. Nani anamnenepesha mwingine bure?

IV. Siku zetu

Kompani ilitwaliwa na taifa mwaka wa 1967, ikawa Gécamines, na katika miaka ya 1990 ilianguka. Hospitali zilibaki na kuta. Wanaume walichimba kwa mikono yao. Shinkolobwe, karibu na Kambove, palipotoka uranium ya mabomu ya 1945, ilifungwa kwa amri ya Rais Januari 2004. Julai mwaka uleule shimo liliwaangukia wachimbaji, wakafa watu 8. Mwaka wa 2020 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven waliandika kwamba watoto wa baba wanaofanya kazi ya madini wanazaliwa na kilema mara nyingi zaidi kuliko wengine. Je, mchimbaji hajui vumbi ni baya? Anajua, na nyumbani chungu ni kitupu. Kumhubiria hatari bila kumwuliza habari ya chungu ni kazi bure.

Aprili 2020, profesa Muyembe aliposema kwamba majaribio ya chanjo ya korona yangeweza kufanyika Kongo, watu walikasirika, na ikampasa kueleza maneno yake. Wengi walisema: «Sisi si panya wa kujaribiwa.» Aliyesoma habari ya lazareti na batumbula hatashangaa.

Basi, ndugu, mara nyingi tunaombwa kutangaza chanjo baada ya Misa. Tutangaze, kwa maana chanjo ndiyo iliyomaliza ndui duniani. Katika inchi yetu mgonjwa wa mwisho alionekana mwaka wa 1971. Lakini tangazo halitoshi. Tukae na mama anayeogopa, tumsikilize mpaka mwisho. Bwana wetu alipomwona kipofu Bartimayo, alimwuliza kwanza anataka nini. Tena turudi baada ya sindano, kama mtoto ana homa, ili mama ajue mlango wa kubisha.