Nyumba ya kijijini iliyonusurika kwa pauni 10

KATIKA kijiji cha Alfriston, jimbo la East Sussex, kusini mwa Uingereza, ipo nyumba ya mbao na udongo, iliyoezekwa kwa mabua, ambayo imesimama kando ya kanisa la Mtakatifu Andrea kwa takriban miaka 600.

Nyumba hiyo, ijulikanayo kama Clergy House, yaani Nyumba ya Makasisi, haikuwa ikulu wala ngome. Hata hivyo, ndiyo jengo la kwanza kununuliwa na National Trust, taasisi ya kuhifadhi majengo na ardhi yenye thamani ya kihistoria. Ununuzi huo ulifanyika mwaka 1896, kwa pauni 10 tu.

Licha ya jina lake, wataalamu wanaamini kwamba ilijengwa kwa ajili ya mkulima mwenye uwezo, katika miongo iliyofuata tauni kuu ya mwaka 1348 na 1349. Maradhi hayo yaliua sehemu kubwa ya watu wa Uingereza. Walionusurika walipata ujira bora na ardhi zaidi, na baadhi yao wakamudu kujijengea nyumba imara.

Ramani yake ni ile ya nyumba za kale za ukanda wa Weald. Katikati upo ukumbi mkubwa, ulio wazi kutoka sakafuni hadi kwenye paa, na kila upande wa ukumbi vilijengwa vyumba vya chini na vya ghorofani, vyote chini ya paa moja.

Ukumbi huo ndio uliokuwa moyo wa maisha ya nyumbani. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, kwani hapakuwa na dohani. Moshi ulipanda na kupenya kwenye paa, ukiacha masizi juu ya boriti.

Kiunzi cha nyumba ni cha mti wa mwaloni, kilichoungwa kwa vigingi vya mbao badala ya misumari ya chuma. Nafasi zilizo kati ya nguzo zilijazwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo. Sakafu ya ukumbi ni ya chaki iliyopondwa na kushindiliwa, ikatiwa maziwa yaliyochacha ili ishikamane na kuwa ngumu.

Baadaye nyumba ilikuwa mali ya kanisa, na makasisi wakaishi humo. Kadiri miaka ilivyopita iligawanywa na kukaliwa na vibarua wa mashambani. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa imechakaa mno, na mpango wa kuibomoa ukaandaliwa.

Kasisi wa parokia hiyo, F. W. Beynon, alikataa kuiona ikianguka. Aliomba msaada kwa chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris na wenzake mwaka 1877, kisha kwa National Trust, iliyokuwa imezaliwa mwaka 1895.

Miongoni mwa waasisi wa taasisi hiyo alikuwa Octavia Hill, mwanamke aliyepata sifa kwa juhudi zake za kuwapatia maskini wa London makazi bora. Bei ya pauni 10 ilikuwa ya jina tu. Mzigo halisi ulikuwa gharama za matengenezo, zilizolazimu kuchangisha fedha kwa umma. Kazi hiyo ilisimamiwa na msanifu Alfred Powell, kwa msimamo kwamba kilichochakaa kikarabatiwe, bali nyumba isigeuzwe kuwa mpya.

Aidha, sheria ya mwaka 1907 iliipa National Trust uwezo wa kutangaza kwamba mali fulani haiwezi kuuzwa kamwe. Tangu hapo taasisi hiyo imekabidhiwa mamia ya majengo, mengi yakiwa makasri ya matajiri.

Ndani ya ukumbi wa Alfriston limo jani la mwaloni lililochongwa kwenye mbao. Wapo wasemao kwamba ndilo chimbuko la nembo ya National Trust, ambayo ni tawi la mwaloni.