Kondensa au Kapasita? Historia ya Jina Moja la Ufundi wa Umeme

Tuitazame sentensi hii: "Friji haipoi kwa sababu kondensa imekufa." Sarufi yake haina kosa. Hata hivyo, wape mafundi wawili sentensi hiyo, uone watakavyotofautiana. Wa kwanza atakwenda nyuma ya friji kuyachunguza mabomba membamba ambamo gesi hupoa na kugeuka kioevu. Wa pili atafungua kifuniko kilicho kando ya kompresa atafute kikopo kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Kazi ya kwanza ni kubwa na gharama yake ni kubwa. Ya pili humalizika kwa muda mfupi na kwa kifaa cha bei ndogo. Wote wawili wamesikia Kiswahili kilekile, na kila mmoja ameelewa alivyozoea. Atakayelipia tofauti hiyo ni mwenye friji.

Kosa hili halikuanzia kwetu. Ni urithi tulioupokea pamoja na vifaa vyenyewe, na yafaa tuufuatilie mpaka kwenye chimbuko lake kabla hatujatoa shauri.

Mwezi Oktoba 1745, Ewald Georg von Kleist, mtu wa kanisa huko Cammin katika Pomerania, alitia umeme wa mashine ya kusugua katika kichupa chenye msumari. Alipougusa msumari huku amekishika kichupa kwa mkono wa pili, alipata mshtuko ambao hakuutazamia. Mwaka uliofuata, Pieter van Musschenbroek, profesa katika mji wa Leiden, Uholanzi, alimwandikia mwanachuoni mwenzake wa Paris akimweleza jaribio la namna hiyo, na akamwonya asithubutu kulifanya mwenyewe. Kifaa kikapewa jina la chupa ya Leiden. Jina hilo lilitaja umbo la chombo na mji kilikosifika. Juu ya kazi yake halikusema neno. Watu wa zama zile waliudhani umeme kuwa kama maji, na maji huwekwa chupani.

Muda si mrefu dhana hiyo ikaanguka. Benjamin Franklin, katika makoloni ya Uingereza ya Marekani, alionyesha kwamba nguvu ile haikuwa ndani ya maji bali katika kioo cha chupa. Kipande cha kioo bapa, kikipakwa metali pande zote mbili, hufanya kazi ileile. Chupa basi haikuwa ya lazima. Kilicholazimu ni metali mbili na kihami baina yake. Franklin aliviunganisha vifaa kadhaa vya namna hiyo, akaviita kwa neno la kijeshi lenye maana ya safu ya mizinga, ambalo ndilo asili ya neno letu betri. Msomaji aone ajabu ya lugha: betri hapo mwanzo lilikuwa jina la kundi la vifaa hivi tunavyovijadili, kisha likahamia kwenye kitu kingine kabisa.

Mwaka 1782 Alessandro Volta wa Italia alileta jina jipya, "condensatore". Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kusonganisha kitu mpaka kiwe kizito, kwa kuwa Volta aliona kifaa chake kikiukusanya umeme dhaifu hata ukaweza kupimika. Jina hilo lilienea Ulaya nzima. Lakini wahandisi wa mitambo ya mvuke nao walikuwa na "kondensa" yao, yaani chombo cha kuupoza mvuke urudi kuwa maji. Katika kituo cha kuzalisha umeme mambo haya mawili yalikutana chini ya dari moja, na jina likawa na mabwana wawili. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1926 Waingereza walianza kuliacha jina la Volta na kupendekeza "capacitor", kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuweza kuchukua kitu ndani. Vitabu vyao vya ufundi wa magari, hata hivyo, viliendelea na jina la zamani. Wafaransa, Wajerumani na Wataliani wamebaki na neno la Volta hata leo.

Twaona basi kwamba hatari ya kuchanganya vifaa hivi viwili iliwasumbua wengine kabla yetu, na dawa waliyoitumia ilikuwa kukipa kila kitu jina lake.

Sasa tuingie katika karakana. Aina ya kifaa hiki inayoharibika zaidi katika redio, televisheni na kompyuta ni ile ya elektroliti, ambayo Karol Pollak aliiombea hataza mwaka 1896. Ndani ya kikopo mna karatasi mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi ya kawaida iliyoloweshwa elektroliti. Kihami chake ni utando mwembamba mno wa oksidi uliofanyika juu ya alumini. Joto huikausha elektroliti miaka inavyopita; kwa kawaida kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huzidisha umri wa kifaa takriban mara mbili. Kati ya mwaka 1999 na 2007 palitokea balaa kubwa zaidi: kompyuta na vyombo vingine duniani kote viliharibika mapema, kwa kuwa elektroliti iliyotiwa katika vifaa vingi vya wakati ule ilikuwa na kasoro ya kikemia. Gesi ilijaa ndani, vikopo vikavimba juu na kuvuja.

Dalili zake fundi huzijua. Televisheni huchelewa kuwaka, au taa yake humetameta pasipo picha kutokea, redio hunguruma. Wenye vyombo wengi hudhani chombo kimekufa, na pengine hukitupa. Fundi mwenye maarifa hufungua, huangalia kikopo kilichovimba, huyeyusha risasi iliyokishika, na kuweka kipya. Hapana budi kipya kilingane na cha zamani kwa mikrofaradi, volti zake zisipungue, na ncha chanya na hasi ziwekwe mahali pake. Zikigeuzwa, kikopo huweza kupasuka.

Hapa ndipo kazi ya mfasiri hugusa uhai wa mtu. Kifaa hiki hushika chaji hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu, huweza kukijaza kikopo hadi volti 325 hivi. Kijitabu cha Kiingereza huagiza kwamba chaji itolewe kabla ya kugusa. Mfasiri akiandika "ondoa kondensa", amemwamrisha fundi akishike kwa mkono kile alichotakiwa kukitahadhari. Akiandika "toa chaji ya kapasita kwanza, ndipo uguse", amemwokoa.

Kwa maoni yangu, njia iliyo nyoofu ni hii. Neno kondensa liachiwe mabomba ya friji na mitambo ya kupozea mvuke. Kifaa cha kushika chaji kiitwe kapasita, neno ambalo mafundi wengi wa redio wanalo tayari vinywani mwao. Tukitaka kupambanua aina, tuseme kapasita ya elektroliti. Kwa vitendo, tuseme kuchaji na kutoa chaji. Kwa kipimo tunayo faradi, iliyotokana na jina la Michael Faraday na kukubaliwa katika mkutano wa kimataifa wa Paris mwaka 1881.

Wako watakaosema kwamba yafaa tuunde neno letu wenyewe, mathalani kilimbikizi. Sina ugomvi na neno hilo, nalo huieleza kazi vizuri kuliko chupa ya Leiden ilivyoieleza. Ila istilahi huishi pale inapotumika. Fundi anayesoma maandishi madogo yaliyopigwa chapa kwenye kikopo, na mwanafunzi anayefungua kitabu cha fizikia, wote wawili wanahitaji neno litakalowafikisha kwenye kitu kimoja. Shauri langu kwa walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wanaotayarisha miongozo ni kwamba kabla ya kuidhinisha neno la ufundi, waende nalo kwenye meza ya fundi, walitamke, kisha watazame mkono wake unaelekea wapi.