Daktari Lambo na Vijiji vya Aro

Kila mwaka kijarida chetu hutenga ukurasa wa historia. Kwa kuwa mchango wa mwaka huu ni wa kujenga nyumba ya ndugu wanaouguza wagonjwa wa akili kwenye kituo chetu cha afya, tumechagua historia ya mbali kidogo: ya mji wa Abeokuta, Nigeria.

Thomas Adeoye Lambo alizaliwa Abeokuta mwaka 1923. Alisomea udaktari Birmingham, Uingereza, kisha akabobea katika magonjwa ya akili. Aliporudi alikabidhiwa hospitali mpya ya Aro, nje kidogo ya mji wa kwao. Mwaka 1954 wagonjwa walikuwapo, lakini majengo yalikuwa hayajakamilika. Lambo hakungoja. Aliwaendea wazee wa vijiji vinne vya jirani, akawaomba wawapokee wagonjwa kama wapangaji.

Sharti lilikuwa moja: kila mgonjwa aje na ndugu yake angalau mmoja, wa kumpikia, kumfulia na kumsindikiza kwenda hospitali kupata matibabu. Baada ya matibabu, mgonjwa alirudi kijijini akaishi kama watu wengine. Wenye nyumba walipata kodi, na hospitali iliwakopesha fedha za kuongeza vyumba. Maji safi yaliletwa, vyoo vikachimbwa, mbu wakapigwa vita. Waganga wa jadi nao walishirikishwa.

Tukumbuke zama zile. Chini ya ukoloni, mgonjwa wa akili alifungiwa nyuma ya kuta, mara nyingine gerezani, mbali na kwao. Akipata nafuu, jamaa walikuwa wamekwisha kumzoea kama mtu asiyekuwapo. Kule Aro, ndugu aliyekaa naye aliona kwa macho yake jinsi dawa zinavyotumika na jinsi nafuu inavyokuja. Walirudi nyumbani wawili, na mmoja alikuwa amejifunza kuuguza.

Kazi hiyo ilimfikisha Lambo mbali. Mwaka 1961 madaktari wa magonjwa ya akili kutoka nchi mbalimbali walikutana Abeokuta. Mwaka 1968 akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Ibadan. Mwaka 1971 alijiunga na uongozi wa Shirika la Afya Duniani, Geneva, na kuanzia 1973 hadi 1988 alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu. Alifariki mwaka 2004. Tanzania nayo ilipata kuwa na vijiji vya wagonjwa wa akili waliolima na kufuga, kama Vikuruti na Hombolo.

Sisi bado tunawaona vijana wetu wakifungwa kamba nyuma ya nyumba, au wakipelekwa hospitali ya mbali na kuachwa huko kwa sababu ndugu hana pa kulala. Wanarudi na dawa za mwezi mmoja, na zikiisha hakuna anayejua la kufanya.

Cheo cha Geneva kilianzia kwenye vyumba vya kupanga vya wanakijiji. Vyumba tunaweza kujenga. Mwenye tofali alete tofali, mwenye bati alete bati, na aliye mbali atume alichojaliwa. Mgonjwa ni wetu; auguzwe kwao, na walio wake.