Bugaluu, Kimini na Ghadhabu ya Wazee

Hapana nyumba ya mwambao iliyolea vijana ikasalimika na ugomvi wa nguo: binti husimama mlangoni na vazi ambalo mama yake hawezi kulitazama mara mbili, au kijana wa kiume hupita ukumbini na suruali ambayo baba yake anaamini imeshonwa makusudi ili kumfedhehesha yeye na ukoo wake, kisha hufuata maneno ambayo kila kizazi hudhani ndicho cha kwanza kuyasema. Ugomvi huo una historia, tena ndefu kuliko wazee wanavyopenda kukiri. Na kiini chake, kwa rai yangu, hakikuwa kamwe urefu wa pindo wala upana wa mguu wa suruali, bali ni nani mwenye idhini ya kuamua: mwenye mwili, mwenye nyumba, jirani, au serikali.

Mwaka 1858, huko Pate, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa wasia ambao, pamoja na mambo ya dini na ya unyumba, haukuacha kumwelekeza namna ya kujipamba. Ulikuwa wasia wa nyumba za kiungwana, na katika nyumba hizo vazi lilikuwa ni daraja: bibi alijistiri, na huko Unguja wanawake wa kabaila walivaa barakoa usoni, hali mjakazi alijifunga kaniki, ile nguo ya rangi ya kiza isiyo na gharama, bila ya ruhusa ya kujifunika kama bibi yake, na mtumwa mwanamume hakuthubutu kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Amri ya Sultani Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyofuta hadhi ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba, haikutaja nguo hata kwa neno moja, lakini waliokuwa wakivaa kaniki waliielewa amri hiyo kwa miili yao: wakaiacha kaniki, wakaikimbilia kanga ya rangi na maua, na miaka michache baadaye wakaanza kuvaa buibui. Basi buibui, ambalo leo nyanya humshurutisha nalo mjukuu wake kwa hoja kwamba ndilo vazi la asili, lilipoingia katika mitaa yetu lilikuwa ni jambo jipya, na wengi waliolivaa walikuwa wakijitwalia staha ambayo mama zao walinyimwa.

Vijana wa kiume nao hawakukaa kitako. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, katika miji ya Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma ya beni, ambayo wafuasi wake, waliogawanyika katika makundi yaliyoshindana, walijivika sare mfano wa zile za mabaharia na askari wa Kizungu, wakapigiana tarumbeta na kupita njiani kwa gwaride. Kwa mzee aliyelelewa kwa kanzu na kilemba, kumwona mwanawe amevaa kofia ya ajnabi na kubeba cheo cha kujipa mwenyewe kulikuwa ni israfu na kejeli kwa wakati mmoja.

Lakini zama ninazozipenda zaidi katika habari hii ni zile za miaka ya 1950, wakati sinema za Kihindi zilipojaza majumba ya maonyesho ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na majina ya Raj Kapoor na Nargis, wa ile filamu ya Awaara ya mwaka 1951, yalikuwa midomoni mwa watu wasiojua neno moja la Kihindi. Hapo ndipo fundi cherehani alipopata adhama yake. Baba alinunua jora moja la kitambaa kwa ajili ya Idi, akataka mabinti wote washonewe mshono mmoja. Mama akaja kutoa vipimo, akasisitiza gauni lisibane na pindo liwe refu, kwa kuwa mtoto bado anakua. Kisha, mama akiisha kuondoka, binti akarudi peke yake, akaeleza kwa mikono namna kiuno cha gauni la Nargis kilivyokuwa. Fundi mwenye busara hakumkatalia mmoja wala hakumtii mwingine. Alibana kiuno kidogo, akalikunja pindo juu kiasi cha inchi tatu, lakini hakulikata, bali alilipiga bandi tu, ili mama akighadhibika lifumuliwe kwa sindano na nguo isiharibike. Kila nyumba iliyogombana juu ya gauni imeokolewa na inchi tatu za namna hiyo.

Mtindo huo wa kuridhiana haukuishia kwa fundi. Sketi ya shule ilitoka nyumbani ikiwa chini ya magoti, ikakunjwa kiunoni mara mbili baada ya kona ya kwanza, na jioni ikakunjuliwa kabla ya kuingia mtaani. Mama alijua. Aghalabu yeye mwenyewe, zamani zake, alikuwa na kona yake. Alilolichelea hasa ni kwamba jirani angeona na kuja kusema, maana jirani akishasema, kunyamaza tena hakuwezekani, na karipio ambalo lingalipita kwa wepesi ndani ya nyumba huwa halina budi kutolewa kwa sauti itakayovuka ukuta.

Ndipo tunapofika mwaka 1968. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limekwisha kutangazwa, na neno utamaduni wa taifa lilikuwa katika kila hotuba, Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara, ulipopitisha, mwezi wa Oktoba, azimio la kupiga vita vimini, mawigi, dawa za kujichubua ngozi na suruali za kubana katika jiji la Dar es Salaam. Kampeni hiyo, iliyoitwa Operesheni Vijana, ilipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Lakini baadhi ya watu hawakuwa na subira ya kungoja tarehe, na katika mwezi huohuo wa Oktoba makundi ya wanaume, huko Kariakoo, yaliwavamia wanawake, yakawazomea na kuwachania nguo, hata polisi wakalazimika kuingilia kati. Magazeti yalifurika barua. Wengine walisifu kwa kuwa uchi umekomeshwa. Wengine waliuliza, kwa insafu kubwa, ni utamaduni upi huo unaokataza kuonyesha magoti, ikiwa mababu zetu walivaa ngozi na magome ya miti, na ikiwa serikali hiyohiyo, katika mkoa wa Arusha, ilikuwa ikiwahimiza Wamasai waache lubega zao wavae suruali.

Wapo wazazi waliofurahi, na furaha yao inaeleweka: bakora iliyokuwa nzito mkononi mwa baba mmoja sasa ilishikwa na chama kizima. Hata hivyo, sidhani kama yupo mama ambaye, baada ya kumfokea bintiye asubuhi kwa ajili ya sketi, alipendezwa kusikia alasiri kwamba mtoto huyo amezingirwa katika kituo cha basi na wanaume asiowajua. Karipio la nyumbani lilikuwa na mpaka, nalo lilikuwa na pindo la kufumuliwa. La barabarani halikuwa na kimojawapo. Mzazi aliyelikabidhi taifa ugomvi wake hakurejeshewa tena katika hali aliyoutoa nayo.

Na taifa, kama lilivyo, halikujua litake nini. Kosa la Dar es Salaam la mwaka 1969 lilikuwa suruali nyembamba. Haukupita muda mrefu, Unguja, chama tawala cha huko kikapiga marufuku suruali pana, bugaluu, pamoja na vimini na nywele za afro. Uganda ya Idi Amin ilikataza vimini mwaka 1972, na Malawi ya Kamuzu Banda ikafuata kwa sheria ya mwaka 1973 iliyowakataza wanawake hata kuvaa suruali. Vijana walivaa vilevile. Bugaluu liliburura vumbi la mitaa yote, na raizoni, vile viatu vya kisigino kirefu na soli nene, viliwafanya wavulana wafupi waongezeke kimo, hali baba zao wakihesabu ni yadi ngapi za kitambaa zilizopotea chini ya goti.

Yaliyofuata hayahitaji maelezo marefu. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba, ambayo zamani iliitwa kafa Ulaya, iliwapa vijana nguo ambazo hakuna fundi wa mtaa aliyezipima wala mama aliyezitolea shauri, na katika hilo naona hasara iliyo kubwa kuliko ya kimini, kwa kuwa aliyetoweka ni yule mtu wa kati aliyejua kupiga bandi. Mlegezo ulipokuja, suruali ikining'inia chini ya kiuno, baba hakuwa na wa kumwendea. Akabaki na kufoka peke yake.

Wengi wa wanaofoka leo walivaa bugaluu wenyewe. Amri za vyama na serikali zimehifadhiwa katika magazeti na nyaraka, nazo zinaweza kusomwa na yeyote. Lakini upande wa nyumba wa historia hii, yaani nani alishona, nani alikataza na nani alijifanya hakuona, umo katika picha za studio zilizofungiwa masandukuni, nyingi hazina hata jina. Msomaji mwenye picha ya namna hiyo, yake au ya wazazi wake, namwomba aigeuze, na mgongoni mwake aandike mwaka, mtaa, na jina la fundi, maadamu bado yupo wa kumwuliza.